Jibu kwa yaya (mkubwa wetu) wa Likasi: Word inaweka modeli wapi, na jinsi ya kuzitoa ku diski C

Yaya, nimesoma swali lako lote, usikate tamaa kwanza. Kwa wale wanaofika sasa, jambo ni hili: mashini (kompyuta) ya sekretariati ya shule yao iliformatiwa, fundi alikopia Documents zote ku diski ya nje kiisha akazirudisha, barua ziko zote, lakini modeli ya barua (fishie iliyopangwa tayari ya kuanzia barua mpya) yenye anteti ya shule (kichwa cha juu cha barua) haionekani tena, ile ya atestasyo pia, na Word ikifunguliwa inaleta paji nyeupe ya kawaida, haina ile andiko (aina ya herufi) na marji (nafasi za pembeni) walizokuwa wamepanga. Anauliza Word ilikuwa inaziweka wapi, na afanye nini zisipotee tena siku fundi akirudi. Mimi niko Lubumbashi, nafanya kazi mu sekretariati ya kuchapa upande wa Kasapa, TFC (kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi), mikataba ya kupangisha nyumba, proforma, barua za maombi, kila siku ni modeli, kwa hiyo nitakujibu kirefu juu hii kitu inaumiza watu wengi na hakuna anayeelezewa.

Ile inayochanganya watu ni kwamba Word haiweki modeli fasi moja. Ziko fasi tatu. Fundi wako alikopia fasi moja tu, ile inayoonekana kwa macho, zingine mbili ziko mu dosie iliyofichwa na hakuingia kule.

Ya kwanza ni nyumba ya Normal.dotm. Hiyo njo modeli mama, kila ukifungua dokima mpya nyeupe Word inaichukua kutoka mule: andiko, saizi, marji, nafasi kati ya mistari, hata njia za mkato za klavie ulizotengeneza mwenyewe. Iko mu C:\Users\jina lako\AppData\Roaming\Microsoft\Templates. Ukienda na Explorer hutaona AppData, Windows inaificha (na mu Windows ya Kifaransa utaona neno Utilisateurs pahali pa Users, ni kitu kimoja, usibabaike). Njia ya haraka: shika toushi ya Windows na R, kidirisha kidogo kitafunguka, andika %appdata% kiisha Entrée. Ku klavie zetu za AZERTY ile alama ya % iko juu ya ù, unashika Shift. Ukiisha ingia, fungua Microsoft, kiisha Templates, utaikuta Normal.dotm pale. Ukiona Word yako inaleta Calibri au Aptos wakati shule mlikuwa na Times 12, ujue hii ni Normal mpya, Word ilijitengenezea yenyewe, juu kila ikifunguka na isipoiona inaumba ingine.

Ya pili ni nyumba ya modeli zako mwenyewe, zile unazofanya Enregistrer sous kiisha unachagua Modèle Word. Tangu Word 2013 zinakwenda mu Documents, mu dosie inayoitwa Modèles Office personnalisés, kwa wenye Office ya Kiingereza inaitwa Custom Office Templates. Utaona hata wewe: ukichagua aina ya Modèle Word tu, Word inaruka yenyewe na kwenda mu ile dosie, hata kama ulikuwa umefungua Bureau (ukurasa wa mbele wa mashini). Watu wengi hawaangalii, wanabonyeza Enregistrer, kesho wanatafuta ku Bureau na hawaoni kitu. Kwa ile modeli ya barua, anza kuangalia hapo, maana umesema Documents zilikopiwa. Inawezekana kabisa modeli iko mule imelala, ila jina la sesyo ya Windows, lile la kuingilia mu mashini, lilibadilika (kabla iliitwa jina la prefe, mkuu wa shule, sasa inaitwa PC), kwa hiyo Word inaangalia Documents ya sesyo mpya na modeli ziko mu ile iliyokopiwa. Angalia pia kama fundi aliwasha OneDrive, ikiwaka inaweza kuchukua Documents yote na kuiweka mu C:\Users\jina\OneDrive\Documents, na pale njia ya zamani haifanyi kazi tena.

Ya tatu hawaizungumzi kabisa. Kama anteti mliitengeneza kwa kupita Insertion, En-tête, kiisha mkabonyeza ile ya kuihifadhi mu galeri ili ionekane pamoja na anteti zingine, basi haiko mu Templates wala mu Documents. Iko mu fishie inaitwa Building Blocks.dotx, ndani ya %appdata%, Microsoft, Document Building Blocks, kiisha dosie yenye namba 1036, kiisha 16. Ile 1036 ni namba ya lugha ya Kifaransa, wenye Office ya Kiingereza ya Marekani watakuta 1033, na 16 ni Office kuanzia 2016 mpaka hizi za sasa, ya 2013 ni 15. Niliona sekretariati moja hapa mjini wanalia kwamba anteti yao imepotea, Normal walikuwa nayo ku flashi, Documents wanazo, kumbe anteti yenyewe ilikuwa mule mu 1036 na hakuna aliyefikiria kuikopia.

Sasa namna ya kuokoa. Mbele ya yote fungua Explorer, simama ku C, mu fasi ya kutafuta andika *.dotx (.dotx njo mwisho wa jina la fishie ya modeli), subiri imalize, kiisha *.dotm, kiisha *.dot kama Office yenu ya kabla ilikuwa ya zamani, fanya vile vile ku ile diski ya nje. Kama fundi aliweka Windows mpya juu ya ile ya zamani bila kufuta C, utakuta dosie Windows.old, ndani yake kuna Users na AppData ya zamani pamoja na kila kitu, lakini fanya leo, juu Windows inaifuta yenyewe baada ya siku chache. Kama C ilifutwa kweli, Normal ya zamani imekwenda, ila anteti haijaenda! Chukua barua yoyote ya mwaka uliopita, ile iliyotoka vizuri. Anteti iko ndani yake yote: République Démocratique du Congo, Province du Haut-Katanga, jina la shule, logo, ule mstari wa chini. Ifungue, fanya kwanza Enregistrer sous, aina Modèle Word, jina "Barua ya shule", na hapo tu njo uanze kufuta. Futa namba ya N/Réf lakini acha neno lenyewe, futa kilichoandikwa baada ya Concerne na acha Concerne, acha Transmis copie na nukta zake, acha fasi ya sinyatire na jina la cheo. Tarehe andika "Likasi, le" na nafasi wazi. Usianze kufuta kabla ya kuhifadhi kama modeli, juu Ctrl+S moja ya mazoea inafuta barua ya kweli iliyoko mu arshivu, na ile barua ni ushahidi wa shule.

Tuje ku kubadilisha, na hapa njo pale wengi wanapotea. Kwanza umba dosie yako nje ya C. Mashini nyingi za huku ziko na D, umba D:\Modeli_Shule, jina fupi. Ukiwa na C tu, mwambie fundi agawanye diski kabla hajaweka kitu kingine, hii ni haki yako kuiomba. Hamisha modeli zako zote mule. Kiisha mu Word: Fichier, Options, Enregistrement, shuka mpaka mstari unaosema Emplacement des modèles personnels par défaut. Pale hakuna batoni ya Parcourir kama ile ya juu yake, lazima njia uiandike au uibandike kwa mkono. Fungua dosie yako mu Explorer, kliki mu bare ya juu penye anwani, njia itageuka bluu, Ctrl+C, rudi mu Word, Ctrl+V, OK. Usitumie ile Copier en tant que chemin d'accès, inaleta njia na alama za nukuu mbele na nyuma, itabidi uzifute. Funga Word, ifungue, nenda Fichier, Nouveau, utaona neno Personnel kando ya modeli za Microsoft, kliki, barua yako iko pale. Ukitengeneza dosie ndogo ndani ya D:\Modeli_Shule, mfano Wazazi, Walimu, Ofisi ya elimu, zitaonekana kama vikundi, ila dosie isiyo na modeli hata moja haionekani, usiogope.

Kuna mpangilio mwingine unaofanana na huu na watu wanauchanganya: Options, Options avancées, shuka karibu mwisho ku Général, batoni Emplacement des fichiers. Mule unaona Modèles utilisateur. Huo si wa modeli zako za barua, huo unasema Normal.dotm ikae wapi, na programu zingine za Office zinaufuata pia. Ukiubadilisha uweke D bila kuhamisha Normal, Word itaumba Normal nyingine mpya kule na utasema mipango yako imepotea tena. Mimi shauri langu: Modèles utilisateur iache pale ilipo, na kila mwisho wa mwezi kopia Normal.dotm uiweke mu D:\Modeli_Shule\Kopi. Kopia ukiwa umefunga Word, na Outlook pia kama mnaitumia, maana hata yenyewe inaweza kuishika.

Chini yake kuna Modèles groupe de travail. Hii njo dawa ya ofisi yenye mashini nyingi ku rezo moja: prefe, direkta wa masomo, sekretere, kontable, wote wanaelekezwa ku dosie moja ya mashini kubwa, anteti ikibadilika unabadilisha mara moja na wote wanaipata. Ipe ruhusa ya kusoma tu kwa wote, ya kuandika kwa mmoja. Ila ujue mashini kubwa ikizimika, umeme ukikatika upande ule, dokima zilizofungwa na modeli ya mule zinaweza kuchelewa sana kufunguka, Word inaendelea kutafuta njia isiyokuwepo. Ukikuta barua ya zamani inachukua muda mrefu kufunguka bila sababu, washa onglet Développeur, kliki Modèle de document, utaona njia ya modeli ya zamani imeandikwa pale, ifute uweke Normal, hifadhi, itafunguka mara moja.

Kitu kingine cha muhimu kwa sekretariati inayopokea flashi za watu. Normal ni mlango wa virusi vya makro (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya dokima) tangu zamani, Melissa ya 1999 ilikuwa inaambukiza Normal ya Word kiisha kila dokima unayofungua inaambukizwa. Kwa hiyo Word ikianza vituko, ifunge, ipe Normal.dotm jina lingine kama Normal_zamani.dotm, fungua Word, itaumba safi. Usiifute, ipe jina tu, ukishasafisha mashini unaweza kutoa mule vitu vyako. Na kama modeli yenu iko na makro, yani ni .dotm, ukiihamisha D makro zinaweza kuzuiwa, juu ile Templates ya zamani Word inaiamini na D haiijui. Ingia Options, Centre de gestion de la confidentialité, Emplacements approuvés, ongeza dosie yako. Dosie hiyo tu, usiongeze D nzima, na kamwe usiongeze flashi.

Ukitaka kurekebisha modeli yenyewe baadaye, usikliki mara mbili juu yake, ukikliki mara mbili inazaa dokima mpya na mabadiliko yako hayaingii mu modeli. Kliki na batoni ya kulia, Ouvrir, au ifungue toka ndani ya Word.

Excel iko na mstari ule ule mu Options zake, Enregistrement, lakini lazima uijaze pia, ile ya Word haiifikii. Na wale wa LibreOffice ni rahisi zaidi: Outils, Options, LibreOffice, Chemins, mstari Modèles, Modifier, unaongeza dosie yako na ile ya kwanza inabaki. Kwa kawaida zinakaa mu %appdata%\LibreOffice\4\user\template, ku Linux ni ~/.config/libreoffice/4/user/template, hiyo 4 haibadiliki hata versyo ikiwa mpya. Ya kufanya modeli iwe ya kila siku: Fichier, Modèles, Gérer les modèles, batoni ya kulia juu ya modeli, Définir par défaut.

Yaya, fanya kwanza ile ya kutafuta *.dotx ku diski ya nje, kiisha niandikie hapa njia unayoiona na versyo ya Office, kama ni 2010 kuna mstari mmoja hautaukuta na nitakuonyesha pa kupita. Na ile atestasyo, kama ilikuwa na kadre na nambari zinazojiongeza, usiichape upya kwa haraka, inaweza kuwa ni .dotm, tafuta na hiyo pia.