Bunduki mbili zinafanana, gharama hazifanani: anza na bodi

Ukitaka kujua kwa nini bunduki moja ya kivita ni ghali kuitengeneza kuliko nyingine inayofanana nayo, usianze na jina wala mtutu. Anza na bodi, lile sanduku la chuma linalobeba bolti (kipande kinachokwenda mbele na nyuma na kuifunga risasi nyuma ya mtutu) na kushika mtutu na kitako.

Weka Kalashnikov mbili mezani, utazame ubavuni, juu kidogo ya magazini. Ukikuta mchongo mrefu wa mstatili, hiyo bodi imechongwa kutoka pande zima la chuma. Ukikuta kibonyeo kidogo tu, na vichwa vya ribiti mbele na nyuma, ni bati la unene wa milimita 1 lililokunjwa kwa presi. Ya kwanza hukaa mashineni muda mrefu, chuma kingi kikiishia kuwa chenga sakafuni, na kila mkato hula makali ya kifaa na muda wa fundi. Ya pili presi huikunja mara moja, kisha zinafuata ribiti.

Lakini bati si nafuu siku zote. Wasovieti walianza nalo mwaka 1949, na bodi nyingi zikakataliwa kwenye ukaguzi. Bati jembamba likichomelewa reli za ndani hujipinda, na reli hizo zikipinda bolti haitembei sawasawa. Mwaka 1951 wakahamia kwenye kuchonga, licha ya gharama. Bati lilirudi kwa uhakika mwaka 1959 na AKM, toleo jipya la Kalashnikov, bunduki ikapungua uzito. Kwa hiyo usiulize bei ya bodi moja bila kuuliza ngapi zinatupwa.

Uliza pia idadi. Kalibu za presi hulipiwa kabla bodi ya kwanza haijatoka. Gharama hiyo ikigawanywa kwa mamilioni ya bodi haionekani. Kwa elfu chache inaumiza. Bunduki ya Galil ya Israel ilikuwa na bodi ya kuchongwa, ikajikuta ikishindana na bunduki za M16 zilizokuja kwa msaada wa Marekani. Kwa hesabu hiyo haikuwa na nafasi kubwa.

Uzito nao hudanganya. Bodi ya bunduki ya Vz. 58 ya Chekoslovakia ni ya kuchongwa, na bado bunduki ina takriban kilo 3 tu. Wepesi huo ni chuma kilichoondolewa, na kukiondoa ni saa za mashine.

Mtutu una gharama yake: ukipakwa kromu ndani, tundu lazima litobolewe pana kidogo, maana kromu ina unene. Ikikaa bila usawa, mtutu mzima unatupwa.

Mwisho ni kuunganisha. Umbali kutoka uso wa bolti hadi mahali chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, inapoizuia risasi isiingie zaidi hupimwa kwa geji kwenye kila bunduki. Ikibana, bolti haifungi. Ikilegea, ganda linaweza kupasuka. Vipande vikitoka na vipimo vinavyoyumba, fundi hukaa akijaribu bolti moja baada ya nyingine mpaka apate inayokubali, na muda huo wote unalipwa.