Mjomba wa Pedi: Demio Kwanza, McLaren Baadaye

Mwezi huu karibu barua zote ni za Gran Turismo 7, ile gemu ya mbio za magari ya PlayStation 4 na 5 iliyotoka Machi 2022. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi wa magari hapa Tabata, mchana nashika spana, usiku nashika pedi ya kuchezea gemu. Nikizidisha habari za oili mtanivumilia.

Shikamoo Mjomba. Nimeanza GT7 wiki iliyopita. Nilitegemea kuanza na Ferrari, nikapelekwa yadi ya magari yaliyotumika kuchagua kati ya Aqua, Fit na Demio! Nichukue lipi, na hela nitapata wapi? – Kijana wa Mbeya

Marahaba, mpwa wangu. Na mimi nilicheka siku ile. Magari hayo matatu nayafungua bonati kila wiki hapa gereji, leo niyaendeshe na usiku? Ila ukifikiri, ina maana yake. Gemu imetengenezwa Japani na Polyphony Digital, na Mjapani wa kawaida anaanzia hapohapo. Meli zinazoteremsha Fit na Demio bandarini kwetu zinatoka kwao.

Chukua lolote, maana ukimaliza menyu ya kwanza ya mkahawani, yaani orodha ya kazi unazopewa ndani ya gemu, yale mawili uliyoyaacha unapewa. Mimi nilichukua Demio. Dizeli yake inavuta vizuri ukitoka kwenye kona, huhitaji kuikamua.

Hela zipo mkahawani kwa Luca, yule mzee mwenye mkahawa. Kila menyu anayokupa inakutuma kwenye mbio kadhaa, ukimaliza ndani ya tatu bora unapewa gari, tena juu ya zawadi ya krediti, zile hela za ndani ya gemu. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, fungua menyu uliyonayo uone inatoa magari gani. Nimeona vijana wananunua gari asubuhi, jioni menyu inawapa lilelile bure.

Kosa langu mimi lilikuwa kubwa zaidi. Wiki ya kwanza tu, hela yangu ya kwanza ya maana niliipeleka Brand Central, kule kwenye magari mapya, nikatoka na Ford Mustang. Rangi nyekundu, mlio kama simba ana mafua. Kesho yake menyu inataka Japanese FF Challenge 450, yaani gari la Kijapani linalovutwa na tairi za mbele, lisizidi PP 450. PP ni zile pointi zinazopima uwezo wa gari. Mustang ni la Marekani, linasukumwa na tairi za nyuma, na pointi zake ziko huko juu. Sehemu ya kuliingiza sikuwa nayo. Wakati ule hata kuuza gari ilikuwa haiwezekani, ruhusa hiyo iliongezwa Novemba 2022. Likakaa gereji linaniangalia.

Siku hizi kabla ya kununua najiuliza maswali matatu: la nchi gani, linavutwa na tairi zipi, PP ngapi. Sura ya gari naiangalia mwisho.

Na usikimbie leseni. Zipo tano, kila moja ina majaribio kumi. Ukipata shaba kwenye yote kumi unazawadiwa gari, ukipata dhahabu kwenye yote unaongezewa lingine. Jaribio lenyewe mara nyingi halifiki dakika mbili. Ni darasa la breki lenye posho.

Mjomba, nadhani gemu yangu ina kasoro. Nilinunua Civic Type R ya mwaka 1998, nikaifunga vifaa hadi ikakaa chini kidogo ya 450. Nikaibadilisha oili tu, ikapita 450, mbio zikaikataa! – Fundi mwenzako mtarajiwa, Mwanza

Gemu haina kasoro, ndugu yangu, na swali hili limenifurahisha kuliko yote. Gari ulilonunua limeshatembea, oili yake imechoka, na kwenye GT7 oili iliyochoka inapunguza nguvu za injini. Wewe ukapima uwezo wa mgonjwa, ukamtibu, sasa unashangaa amepata nguvu. Hata hapa gereji anakuja mtu na malalamiko kwamba gari limekuwa zito, nikimwaga ile oili inatoka nyeusi kama lami.

Fanya kinyume. Ukinunua gari lililotumika, liendeshe moja kwa moja hadi GT Auto, ile gereji ya ndani ya gemu, mwaga oili, ndipo uanze kuhesabu PP. La kwako la sasa halijaharibika. Nenda duka la vifaa, nunua kizuizi cha nguvu au uzito wa kuongezea, lirudishe chini ya mstari. Njia nyingine ni kushusha daraja la tairi, maana tairi nazo zinahesabiwa kwenye PP.

Hapo kwenye tairi nisimame kidogo, maana ndipo wanaoanza wanapotupa hela. Mtu akipata krediti elfu thelathini anakimbilia tabo ya kuongeza nguvu ya injini. Gari linaenda mbio kwenye mnyoofu, kwenye kona linaenda kulala kwenye mchanga. Anza na tairi, toka za Comfort zinazoshika kidogo uje za Sports zinazoshika zaidi, halafu breki na springi. Ukishaweza kuingia kona bila kufumba macho, ndipo uguse injini. Na tahadhari: kupunguza uzito wa bodi na kuchonga injini ni kazi ambazo hazirudi. Ukishakata umekata. Kompyuta ya injini, kizuizi cha nguvu na springi unafunga na kufungua upendavyo, hivyo anza na hivyo.

Nasikia kuna mbio za Tokyo zinalipa sana. Nimezijaribu mara sita, sijamaliza hata mara moja ndani ya tano. – Mzee wa Kona, Tanga

Ni World Touring Car 600, Tokyo Expressway, mizunguko 12, PP 600. Anayeanza hazioni, zinafunguka ukishamaliza menyu za mkahawani. Mshindi anapata krediti 550,000, akimaliza bila kugonga anaongezewa nusu yake, jumla 825,000.

Ugumu wake ni kwamba barabara imebanwa na kuta pande zote, nyasi za kukimbilia hakuna, halafu mvua inaweza kukukuta katikati. Magari mengi yanayoshika vizuri barabara ikiwa kavu, mvuani yanateleza kama samaki. Mimi natumia Subaru Impreza, tairi zote nne zinavuta. Nimelipunguza nguvu kidogo ili nibaki na nafasi ya tairi nzuri. Naanza na tairi kavu, nikiona kioo kinaanza kushika matone na ile rada ya mvua pembeni imejaa, naingia kubadili, hata kama mbele kuna mtu nimebakiza kumpita. Nikichelewa mzunguko mmoja, napoteza zaidi ya muda wa kusimama.

Nikusimulie usiku mmoja. Mzunguko wa kumi, naongoza kwa sekunde nane, chai yangu bado ya moto. Nikapunguza umakini. Ile kona inayoingia chini ya daraja nikaipokea na gia moja juu, mkia ukateleza, ubavu ukausugua ukuta. Hata gari halikusimama. Nikamaliza wa kwanza, nikaletewa 550,000 kavu. Ule mguso mmoja ulikula 275,000.

Kwa hiyo mzee wangu, jaribu lako la saba usikimbizane na aliye mbele. Mizunguko minne ya kwanza jifunze tu mahali pa kupigia breki. Na kama umeweka ugumu wa juu kwa kudhani unalipwa zaidi, shusha. Kwenye mbio hizi zawadi ni ileile, rahisi au ngumu.

Mwanangu wa miaka 13 anataka nimlipie dola anunue McLaren ya ndani ya gemu. Anasema bila hivyo hawezi kulipata. Ni kweli? – Mama wa Dodoma

Dada, si kweli, ila bei yake ni kubwa kweli. McLaren F1 nililikuta kwenye yadi ya magari ya kihistoria kwa krediti 18,500,000. Krediti milioni mbili zilitangazwa Marekani kwa dola 19.99, hivyo angehitaji pakiti kumi, karibu dola 200, apate gari ambalo hata mkeka wake hutaugusa. Kwa zile mbio za Tokyo zinazolipa 825,000, ushindi 23 safi unatosha. Kila moja ni kama dakika 25 hivi, jumla ni saa kumi. Mwambie azigawe kwa mwezi mzima, baada ya kazi za shule. Akifika atakuwa amejifunza kuendesha, na hilo gari linahitaji mtu anayejua.

Tiketi za bahati nasibu mbona kila siku napata hela ya pipi? – Mdogo wako, Unguja

Hata mimi. Ukiendesha kilomita 42.195 kwa siku, urefu wa marathoni, unapewa tiketi. Gurudumu linazunguka, linapita magari yote mazuri, linasimama kwenye krediti elfu mbili au elfu tano. Zichukue, zinanunua oili. Usizipangie bajeti.

Nacheza kwa bando la simu. Likiisha katikati ya menyu inakuwaje? – Msomaji wa Kibaha

Inakuwa umekwama. GT7 inataka intaneti muda wote kwa karibu kila kitu, hata ukicheza peke yako. Mbio zenyewe hazili data nyingi, kinachoua bando ni masasisho, yale mafaili makubwa ya kupakua. Hayo yapakulie kwenye waifai ya mtu, na ukienda usiende mikono mitupu.

Na usidhani bando likiwepo umemaliza. Machi 2022, wiki mbili tu baada ya gemu kutoka, sasisho moja lilivuruga mambo, seva zikazimwa kwa zaidi ya saa 30 dunia nzima. Nililala mapema siku mbili mfululizo, nyumbani wakadhani naumwa. Baadaye waliomba radhi, wakatupa kila mmoja krediti milioni moja. Nikamwita mke wangu kwa furaha nimwonyeshe nimepewa milioni. Akaniuliza kama nazitoa kwa wakala.