Hedimasta wetu amefariki, nichangie ukumbi wenye jina lake?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi nipo Tabora mjini, Ipuli. Nimesoma shule moja ya praiveti huku huku, sasa hedimasta wetu ambae ndo alikua mwenye shule amefariki mwaka jana na grupu letu la waliosoma pale limeamua tujenge ukumbi upewe jina lake, kila mtu laki moja. Ugomvi ukaanzia hapo. Wengine wanasema mzee ndo katufanya tukawa watu, na kwangu ni kweli kabisa, baba alikua analima tumbaku Urambo, malipo ya chama cha ushirika yakichelewa mzee hakunirudisha nyumbani hata siku moja, anaandika tu kwenye daftari lake anasema baba ako atalipa tumbaku ikiuzwa. Ila huyo huyo alikua na wastani wake, ukifika fomu thrii uko chini mzazi anaitwa anaambiwa mtafutieni shule nyingine. Jumatatu mstarini anasoma matokeo ya tesiti kuanzia wa mwisho na viboko hapo hapo, hata kumi. Rafiki yangu alipopata mimba alitajwa mbele ya shule nzima siku anafukuzwa. Nae yupo kwenye grupu, anasoma tu haandiki kitu. Wanaomtetea mzee wanasema zamani ndo ilikua hivyo, na wanataja divisheni wani za shule. Nichange au niache?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni na msiba. Wanaomtetea naona wanasema "zamani ndo ilikua hivyo", sasa hapo lazima tutenganishe, maana yapo ya zamani na yapo ya kwake mwenyewe.

Kumfukuza binti mwenye mimba kweli ilikua kawaida nchi nzima, serikali imekuja kuruhusu warudi shule Novemba 2021. Hilo usimbebeshe peke yake. Lakini hakuna kanuni iliyomwambia amsimamishe mtoto wa watu mstarini amtaje, hiyo aliamua mwenyewe na inaniuma sana kuisoma. Viboko pia, kanuni za 2002 zinasema mwisho vinne, apige mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana apigwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kumi sio zamani, kumi ni kuvunja sheria.

La wastani ndo kubwa zaidi kwangu na naona wengi mnalipita. Miaka hiyo matokeo ya fomu foo yakitoka watu wote wanatafuta shule kumi bora, wazazi wanakimbilia huko na ada inapanda, kwahiyo shule nyingi za praiveti zikawa zinachuja watoto kabla ya mtihani ili jina libaki juu. Baraza la mitihani lenyewe liliacha kuzitangaza shule bora Januari 2023. Sasa zile divisheni wani za shule yenu zinazotajwa kwenye grupu zimepatikana pia kwa sababu kuna wenzenu walitolewa fomu thrii, na wazazi wao nao walikua wakulima wa tumbaku kama baba ako, wameshalipa ada miaka miwili na zaidi halafu wanaanza kuhangaika na uhamisho.

Wema aliokufanyia ni wa kweli, usikubali mtu akwambie kumshukuru ni kuwasaliti wenzako. Ukitaka kumshukuru nenda kawape pole familia yake, waambie habari ya lile daftari, watafurahi sana. Ukumbi ni kitu kingine, jina la ukutani linawasemea wote waliosoma pale.

Kwahiyo laki yako ishike kwanza. Mpigie rafiki yako simu, sio meseji, umuulize yeye anaonaje, na akisema hataki kuongelea muache. Kisha andika kwenye grupu waliochujwa waingizwe nao kwenye kamati kabla hela haijakusanywa, maana nina uhakika hamjawaalika hata mmoja. Wakikataa, peleka hiyo laki ikalipie mtoto wa mkulima aliyekwama ada msimu huu, Urambo hutamkosa.