Re: Vita vya Ureno Afrika vilianza 1961 au 1964?
Salaam mkuu. Naona umekwama kwa sababu kitabu kimoja kinasema Ureno ilianza kupigana kwenye makoloni yake 1961, kingine 1964. Vyote viko sahihi. Angalia kwanza kinazungumzia koloni gani. Angola ni Februari 1961, magereza ya Luanda yaliposhambuliwa. Guinea-Bissau ni Januari 1963, PAIGC, chama cha ukombozi cha Amílcar Cabral, kilipovamia kambi ya jeshi ya Tite. Msumbiji ni 25 Septemba 1964, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walipopiga Chai, mkoa wa Cabo Delgado kaskazini (chama chenyewe kiliundwa Dar es Salaam 1962, na wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea).

Chanzo cha vita? Mimi darasani huanza na pamba: wakulima walilazimishwa kuilima na kuiuza kwa bei ya kutupwa. Juu ya hapo, tangu 1951 utawala wa Salazar, dikteta wa Ureno, uliyaita makoloni mikoa ya ng'ambo, kwa hiyo kwao uhuru haukuwa jambo la kujadili. Huko Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, Juni 1960, watu walikusanyika kudai haki wakapigwa risasi.

Usihangaike kutafuta pigano kubwa la mwisho, halipo. Maofisa wa Ureno wenyewe, wamechoshwa na vita, walipindua serikali Lisbon 25 Aprili 1974. Msumbiji ikapata uhuru Juni 1975, Angola Novemba.