Re: Kwa nini Honky Tonk ina Part 1 na Part 2?
Mkuu hiyo Honky Tonk, kibao cha Bill Doggett, kukatwa vipande viwili (Part 1 na Part 2) ni mambo ya santuri tu, 1956 upande mmoja ulikuwa unabeba kama dakika tatu hivi na jamaa walipiga mrefu kuliko hapo, basi King Records, kampuni iliyotoa santuri, wakaweka nusu huku nusu kule. Upande wa kwanza sikiliza gitaa la Billy Butler, linatembea taratibuu kama mtu asiye na haraka, ukigeuza ndo unakutana na saksafoni ya Clifford Scott inaunguruma balaa. Mwenye bendi mwenyewe, Doggett, kajikalia zake nyuma kwenye kinanda, hana makuu! Haimbi mtu hata neno moja ila ikashika namba 1 chati ya R&B Marekani, kwenye pop namba 2.