Kete Zinapofikishwa Mlangoni

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, najipatia riziki kwa kupeleka vyakula na vifurushi kwa pikipiki kupitia programu ya simu. Juzi nilipewa boksi la viatu lililozungushiwa gundi ya karatasi pande zote, na mtumaji akanisisitizia kwamba nikifika nisimpigie mtu simu, bali niliache chini ya ngazi. Mwenzangu anasema biashara ya unga imehamia kwetu. Je, ni kweli? Na nikikamatwa na mzigo wa namna hiyo nitajitetea vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako hakukosea. Mwezi Aprili 2020, wakati miji mingi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya UVIKO-19 na wapeleka chakula wakawa miongoni mwa wachache waliosalia barabarani, Interpol ilizionya nchi wanachama wake 194 kwamba wahalifu walikuwa wakisafirisha dawa za kulevya kwa kuwatumia watu wa kazi yako, au kwa kuvaa sare zao. Polisi wa Ayalandi walikamata kilo 8 za kokeini na bastola mbili, na sehemu ya kokeini hiyo ilikuwa ndani ya maboksi ya piza. Nchini Malaysia, mpelekaji aliyepewa oda moja tu ya chapati alishangaa kuona mzigo una uzito wa kilo 11 hivi, naye akawaita polisi waukague. Tungependa uukumbuke mkono wa kijana huyo kila unapoinua kifurushi.

Zamani muuzaji alikaa kijiweni, akionekana na mnunuzi, majirani na askari. Soko la mtandaoni la dawa za kulevya lililoitwa Silk Road, lililofunguliwa mwaka 2011 na kufungwa 2013, lilimwondoa hapo, lakini mzigo ulipitia posta na mnunuzi alisubiri kwa siku kadhaa. Sasa oda hupokelewa kwa ujumbe wa simu na kete hufika kabla chai haijapoa. Anayetembea na ushahidi mkononi si muuzaji tena, bali ni wewe, kwa malipo yaleyale ya kupeleka sahani ya wali.

Kuhusu utetezi, sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi, ila swali kubwa mara nyingi ni iwapo ulijua, na kufumba macho mbele ya dalili za wazi kunaweza kukuponza. Usikubali safari za nje ya programu, hata ukiahidiwa maradufu, kwa sababu kumbukumbu za oda, njia na saa zinaweza kuwa shahidi wako wa pekee. Ukishuku, usifungue mzigo na usiendelee na safari. Toa taarifa papo hapo.

Mnunuzi naye hujiona salama kwa kuwa haporwi wala hapigwi kijiweni. Hapo ndipo anapojidanganya. Kidonge kilichochapwa kikafanana na cha duka la dawa kinaweza kuwa na fentanili, dawa kali mno ya kutuliza maumivu, ambayo miligramu 2 tu zinaweza kuua. Mwaka 2023 idara ya kupambana na mihadarati ya Marekani ilisema vidonge bandia 7 kati ya 10 vyenye fentanili ilivyovipima vilikuwa na kiasi kinachoweza kuua. Nyota tano alizopewa muuzaji hazimsaidii mnunuzi, kwani aliyekufa hatoi maoni. Naloksoni, dawa ya kuzima makali ya fentanili mwilini, inaweza kumrudishia pumzi aliyezidiwa, lakini ni lazima awepo mtu wa kumpa, na anayeletewa kete chumbani mara nyingi huitumia akiwa peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Na boksi lile uliloambiwa uliache chini ya ngazi, anayeweza kuwahi kulifungua ni mtoto yeyote anayecheza pale.