Muulize Bibi: Kitabu kimefichwa chini ya godoro

Barua za safari hii zimetoka kwa watu watatu wanaokaa na watoto wadogo nyumbani. Nimezifupisha, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa.

*Shikamoo Bibi. Ninawafundisha wanangu nyumbani, binti wa miaka 5 na mdogo wake wa kiume wa miaka 3. Nilipata kitabu kizuri cha picha kuhusu konokono anayevuka bustani usiku wa mvua. Nikaandaa shughuli 14 za wiki nzima: kupaka rangi, kukata herufi K, kuhesabu majani kila ukurasa, kuunganisha nukta, na maswali kila tukimaliza kusoma. Jumatatu walifurahi. Jumatano binti yangu alikificha kitabu chini ya godoro, akaniambia kimepotea. Nimekosea wapi? Na nikipunguza shughuli, si nitakuwa nawapunja? – Mama Wawili*

Marahaba mwanangu. Kwanza kitoe kitabu chini ya godoro, kiweke mahali anapopafikia kwa mkono wake, na usimuulize chochote. Nadhani binti yako alikuwa anakiokoa.

Nasema hivyo kwa kuwa yalinikuta. Nilikuwa tayari na miaka mingi ya kufundisha darasa la kwanza pale kitindamimba wangu alipougua kifua, nikamfundishia nyumbani kwa miaka miwili. Tulikuwa na kitabu cha picha cha mashua, na mimi kila ukurasa nasimama: samaki wangapi? Hii rangi gani? Herufi hii inaitwaje? Siku moja, kabla sijafungua jalada, akanishika mkono. “Mama, leo tusome tu.” Aliniomba kama mtu anavyoomba maji. Mpaka leo nikikumbuka sauti ile moyo unaniuma.

Tangu hapo nina kipimo kimoja. Shughuli ikiisha, mtoto anataka kurudi kwenye kitabu kuangalia kitu? Akirudi, basi shughuli ile imetoka kwenye kitabu kile. Asiporudi, hiyo ni kazi ya karatasi tu, imebandikwa picha ya konokono. Zipitishe shughuli zako 14 kwenye kipimo hicho. Kuunganisha nukta hakumrudishi popote. Kuhesabu majani kila ukurasa kunamtoa kwenye hadithi katikati ya safari, wakati yeye anataka kujua kama konokono atafika. Ninakushauri ubaki na tatu, au nne ukipenda sana.

Siku ya kwanza msome tu, mwanzo hadi mwisho, bila swali hata moja. Siku ya pili msisome maneno kabisa, mwangalie picha. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, maana karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia ikikunjwa hutoa kurasa kwa mafungu ya 8 au 16. Katika kurasa hizo maneno ni machache sana, kwa hiyo nusu ya hadithi anaisimulia mchoraji, na nusu hiyo ndiyo sisi watu wazima tunaipita mbio. Mwache binti yako akwambie anachokiona. Akisema, “Konokono kalala,” wewe itikia, “Eeh, kalala chini ya jani lililolowa.” Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, najua, lakini mtoto wa umri huo anahitaji muda kutafuta neno lake linalofuata.

Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani, Grover Whitehurst, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi. Wazazi walifundishwa jambo hilohilo: kuuliza maswali yasiyoishia kwenye ndiyo au hapana, kumsikiliza mtoto, kisha kuyarefusha kidogo maneno yake. Kwa wiki 4 tu, watoto wale walikuwa wamewapita kwa kuongea wenzao ambao wazazi wao waliwasomea kwa mtindo waliouzoea.

Siku ya tatu mtafuteni konokono wa kweli. Hii shughuli moja ina mambo mengi kuliko karatasi zote ulizoandaa. Konokono hutoka mvua ikinyesha au umande ukianguka, kwa kuwa mwili wake hukauka upesi. Kukiwa kukavu hujivuta ndani na kuuziba mlango wake kwa ute unaokauka ukawa kama karatasi nyembamba. Mkimpata, mweke juu ya kioo safi au kifuniko kinachopenya mwanga, mnyunyizie maji kidogo, msubiri. Atachungulia. Akianza kwenda, inua kioo taratibu ili watoto wamwone kwa chini. Wataona mistari ya kivuli inatembea kwenye unyayo wake, mmoja baada ya mwingine, kutoka nyuma kwenda mbele, ilhali konokono mwenyewe anasogea polepole sana. Hiyo ni misuli yake inakaza na kulegea, na ute ndio unaomtelezesha.

Kisha waangalie pembe zake. Ndefu mbili zina macho kwenye ncha. Fupi mbili za chini ni za kunusia na kupapasia njia. Binti yako akisogeza ubua wa jani karibu na jicho, pembe itazama ndani yake yenyewe kama kidole cha glavu kinachogeuzwa. Asimguse kwa nguvu, na asishike mdomo wake baada ya kumshika konokono: wengine hubeba minyoo inayodhuru binadamu. Wote wawili wanawe kwa sabuni, na konokono arudishwe palepale mlipomtoa. Kumrudisha nako ni somo, wala usilifanye kwa haraka.

Sasa ngoja uone kitakachotokea ukifungua kitabu jioni. Wachoraji wengi humpa konokono macho mawili usoni, na kinywa kinachotabasamu. Mjukuu wangu alipoona hivyo, baada ya asubuhi nzima na konokono wake, aliniambia, “Bibi, huyu mchoraji hajamwona.” Tukazungumza karibu nusu saa: amekosea, au amependa tu konokono wake awe na uso ili tujue kama anaogopa? Mtoto wa miaka 6 yule, anabishana kuhusu kazi ya mchoraji. Sikuwa nimepanga swali hilo, na nisingeweza kulipanga.

Kuhusu herufi, ambazo naona ndizo zinazokutia hofu: lugha yetu imekupa zawadi katika jina la mnyama huyu. Ko-no-ko-no. Pigeni makofi manne. Chukua vipande vinne vya karatasi, viwili andika KO, viwili NO. Binti yako apange jina la konokono. Halafu aondoe viwili aone kinachobaki: kono, yaani mkono mkubwa. KO mbili ni koko, ile ya ndani ya embe. NO mbili ni nono. Kwa silabi mbili tu anasoma maneno manne, na kila neno analijua kwa sikio tayari. Akishazoea, mwambie alitafute jina hilo kitabuni, kila linapotokea. Hapo kipimo changu kinatimia: amerudi kwenye kitabu, na safari hii kwa maneno yake.

Ukitaka ya nne, mpe udongo wa mfinyanzi, aviringishe kamba ndefu kisha aizungushe kuwa gamba. Magamba mengi ya konokono huzunguka upande mmoja: likiwa ncha juu na mlango ukikutazama, mlango huwa kulia. La kwake likienda kushoto, mwache, hao nao wapo ila ni wachache.

Na mdogo wake wa miaka 3? Huyo usimkalishe. Mpe kazi ya mvua: kila ukurasa wenye mvua agonge meza kwa vidole. Akiingia chini ya meza katikati ya hadithi, endelea kusoma. Anasikia. Dakika 15 au 20 kwa siku zinawatosha wote wawili, na siku wakitaka kusoma tu, msome tu. Huwapunji.

*Shikamoo Bibi. Mwanangu wa miaka 4 anataka kitabu kilekile kila siku, sasa ni mwezi wa pili. Nimemnunulia vingine, anavisukuma. Nikifiche kwa muda ili ajifunze vitu vipya? – Baba wa Mmoja*

Marahaba. Usikifiche, tafadhali. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwasomea watoto wa miaka 3 hadithi zenye majina ya vitu ambayo hawajawahi kuyasikia. Baadhi walisomewa hadithi zilezile tena na tena, wengine kila mara hadithi tofauti. Majina mapya yalitajwa mara sawa kwa wote, ila waliorudiwa hadithi ndio walioyashika vizuri zaidi. Hadithi ikishajulikana, mtoto hahangaiki tena kujua kitakachotokea, akili yake inapata nafasi ya maneno.

Jaribu kuruka neno moja usiku wa leo. Atakusimamisha, na atalitamka mwenyewe. Baada ya hapo mpe kitabu akusomee yeye, kwa kukariri, akigeuza kurasa. Kidole chake kikipita juu ya maneno huku akisema, usimsahihishe hata kama hakilingani na anachosema. Vitabu vingine viache wazi karibu naye, vionekane majalada, na usivitaje. Kimojawapo kitamvuta siku yake ikifika.

*Bibi, barua hii naandikiwa na jirani. Namlea mjukuu wangu wa miaka 4 mama yake akiwa kazini. Mimi sikujaliwa kwenda shule. Vitabu vya picha vipo ndani, lakini naogopa nikifungua ataniuliza pameandikwa nini. – Nyanya*

Dada yangu, asante kwa kuniandikia, na msalimie huyo jirani. Fungua vitabu. Akiuliza pameandikwa nini, mwambie ukweli bila kuinamisha macho: “Hayo mama atatusomea jioni. Sasa hivi mimi na wewe tunasoma picha.” Hakuna aibu ndani yake. Vipo hata vitabu vinavyochapwa bila neno lolote, makusudi, ili mtu asimulie kwa anachokiona, na watoto wanaosoma tayari huvipenda vilevile.

Anza na picha moja. Muulize huyu anakwenda wapi, kabla ya hapa alikuwa wapi, kwa nini mlango uko wazi. Wewe umesimulia hadithi maisha yako yote bila karatasi, kwa hiyo mpe sauti: jitu liongee kwa besi, ndege kwa sauti nyembamba. Mkichoka, chomekeni kipande cha karatasi kwenye ukurasa mliofikia. Mama yake akirudi, mtoto amsimulie kwanza kama ulivyosimulia wewe, ndipo mama asome yaliyoandikwa. Zitatofautiana, na mtoto atataka kujua kwa nini. Mwombe jirani aniandikie hadithi yako ilivyokuwa.